Vidole Juu ya Mbavu

Daktari wa mionzi hakumkaribisha Inspekta kiti. Alimwacha amesimama mlangoni mwa chumba cha kusomea picha, chumba chenye mapazia mazito yaliyofungwa mchana kweupe, naye akaendelea kuzikodolea macho skrini zake mbili kama mtu anayesubiri nzi achoke aende zake. Hatimaye alisema, bila kugeuza shingo, kwamba polisi wamemkalia kooni tangu Jumatatu, wagonjwa wamejaa koridoni mpaka ngazini, na kama kuna swali lililobaki basi liulizwe upesi.

Inspekta alivuta kiti mwenyewe, akakaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye wenzake kituoni walimwita Kupe kwa sababu akishika haachii.

"Nataka picha ya mtoto," alisema.

"Mtoto gani?"

"Aliyepigwa picha mara mbili Jumatatu asubuhi. Mama yake analalamika pale mapokezi. Anasema mwanawe amemulikwa mara ya pili kwa makosa ya watu wazima."

Daktari alisonya. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshasimama juu ya kibodi, na Inspekta aliliona hilo.

Kesi yenyewe ilikuwa imekaa vibaya tangu mwanzo. Jumapili jioni mlinzi wa hospitali alimkuta mkuu wa idara ya eksirei amelala chali ndani ya chumba cha giza, kile chumba cha zamani cha kusafishia filamu ambacho hakuna aliyekuwa na haja nacho tena tangu hospitali ilipoachana na filamu na kuleta mashine za kompyuta. Taya la marehemu lilikuwa limevimba upande wa kushoto, na kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa karo la chuma ambamo filamu zilikuwa zikioshwa. Aliyepasua maiti alisema ni ngumi moja, kisha kuanguka. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, lakini chumba kilikuwa na funguo mbili peke yake: mmoja ulikutwa mfukoni mwa marehemu, wa pili alikuwa nao mzee mmoja waliyemwita Popo.

Popo alikuwa amepiga na kusafisha filamu katika hospitali hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mashine mpya zilipoingia, marehemu alimhamishia stoo ya mablanketi. Siku hiyo ya kuhamishwa, Popo alimwambia mbele ya idara nzima kwamba mashine zake hizo ndizo zitakazomzika. Watu walicheka. Sasa hakuna aliyekuwa akicheka, kila mmoja alikuwa akilitoa neno hilo kwa polisi kama ushahidi, na Popo alikuwa mahabusu tangu Jumapili usiku. Mkuu wa kituo alitaka afikishwe mahakamani kesho yake asubuhi. Alikuwa ameshasema mara mbili kwamba Inspekta anachelewesha makusudi ili aonekane ana akili.

Picha ilitokea kwenye skrini. Inspekta aliinama.

Kilikuwa kifua cha mtoto mdogo, mbavu nyembamba kama meno ya kitana. Juu ya mbavu hizo, hafifu lakini wazi, ulikuwa umelala mkono wa mtu mzima. Kiganja kilikuwa usawa wa tumbo, na vidole vitano vimetanuka kuelekea shingoni.

"Mama yake alimshika?"

"Mama yake alikuwa nje ya mlango. Na mkono wa anayemshika mtoto hufuatwa na kiwiko, afande. Huu umeishia kwenye kifundo."

Ilibidi amwambie mengine, na alimwambia kwa sauti ya mtu anayetoa damu. Enzi za filamu, alisema, kila picha ilikuwa na jani lake la filamu, ukishapiga umepiga. Sasa ndani ya kaseti, lile sanduku bapa linalowekwa nyuma ya mgonjwa, kuna kibao kinachotumika tena na tena. Unampiga mgonjwa picha, mashine inakisoma kibao, kisha inakimulika kwa taa kali kukifuta, na kibao kinarudi kitupu kusubiri mgonjwa mwingine. Lakini aliyepiga akimwaga mionzi kupita kiasi, ile taa haimalizi kazi. Mabaki hubaki, na mgonjwa anayefuata huvikwa kivuli cha aliyemtangulia.

"Na aliyemtangulia mtoto huyu ni nani?"

"Kwa mujibu wa kompyuta, hakuna. Kaseti hii mara ya mwisho ilitumika Jumamosi, kwa goti la bibi mmoja."

"Kwa hiyo kuna mtu alipiga picha ya mkono Jumapili, akaifuta."

"Aliifuta kwenye kompyuta. Kibao hakukifikiria."

Inspekta aliuliza kama kompyuta inaweza kumtaja aliyefuta. Haiwezi, alijibiwa, idara nzima hutumia neno moja la siri, na limebandikwa ukutani. Kisha daktari, kama aliyechoka kuulizwa kidogokidogo, alichukua kalamu akagusa skrini chini ya kidole cha mwisho. Mfupa pale ulikuwa umekatika na kuinama.

"Mfupa huu mara nyingi huvunjika kwa namna moja," alisema. "Mtu akipiga ngumi kitu kigumu."

"Taya, kwa mfano."

"Mimi nasoma picha, sisomi mataya ya marehemu."

Inspekta alitazama mkono ule tena. Ulikuwa wa kulia, daktari alimthibitishia, kama aliyepiga aliweka kiganja chini kama watu wote. Pembeni mwa picha kulikuwa na tarakimu ndogo ndogo. Aliuliza ni za nini, akaambiwa kwa mkato kwamba zinaonyesha kiasi cha mionzi iliyokifikia kibao. Hapo ndipo Inspekta alipouliza swali alilolifuata: ni nani katika idara hii anaweza kumwaga mionzi hivyo?

Daktari alirudi kwenye skrini yake nyingine. "Mtu wa filamu. Mtu asiyeijua mashine. Mnaye tayari, kwa nini mnanipotezea muda?"

Mkuu wa kituo alipoelezwa habari ya mkono uliovunjika, alipiga meza kwa furaha. Popo alikuwa na bandeji mkono wa kulia. Alikuja nayo siku aliyokamatwa, akadai amejikata na bati la tangi alipokuwa akisaidia kutoa takataka za chumba cha giza. Basi nini tena? Ngumi ni yake, mkono ni wake, ufunguo ni wake. Daktari mwenyewe ameshasema ni mtu wa filamu. Inspekta alijibu kwamba bado hajauona mkono wa Popo bila bandeji. Mkuu wa kituo akamwambia aende akaufungue, na akimaliza alete jalada.

Popo aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mrefu, mgongo umepinda, macho ameyafinya kwa sababu ya taa ya umeme. Aliwekewa kikombe cha chai, hakukigusa. Aliulizwa Jumapili mchana alikuwa wapi. Akasema ameshamwambia askari mwenzake Inspekta, kwa hiyo aandike chochote kinachompendeza. Aliulizwa kama alimchukia marehemu.

"Sana," alisema Popo. "Kuna sheria ya kumpenda?"

Aliombwa afungue bandeji. Alikataa. Alisema mkono ni wake, kidonda ni chake, na kama wanataka kukiona waje na amri ya hakimu. Inspekta hakumpenda mzee huyu. Alikuwa na ile jeuri ya mtu aliyedharauliwa mpaka akaanza kuifurahia dharau yenyewe. Hata hivyo alimweleza, neno kwa neno, kilichoonekana kwenye kifua cha mtoto: mkono, mfupa uliovunjika, mionzi iliyomwagwa kupita kiasi. Akamwambia pia kwamba wanaojua wanasema aliyefanya hivyo ni mtu wa filamu.

Popo alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha puani.

"Nani amesema? Daktari?"

"Jibu wewe."

"Filamu ukiizidishia mionzi inatoka nyeusi kama masizi," alisema. "Inakuumbua palepale, mgonjwa anaona, mkuu anaona. Unaitupa, unarudia, unasemwa. Mimi nimesemwa mpaka mkono ukajua wenyewe. Hiyo mashine yao uimwagie utakavyo, picha inatoka safi, tena inazidi kung'aa. Inamvika mtu kilemba cha ukoka, anajiona fundi. Halafu mnakuja kunishika mimi."

Na kwa neno hilo la mwisho aliigonga meza kwa ngumi. Chai iliruka ikamwagikia jalada.

Askari aliyekuwa mlangoni alisogea, Inspekta akamzuia kwa kiganja. Hakuwa akimtazama Popo usoni. Alikuwa akiitazama ile ngumi, ngumi ya kulia, yenye bandeji, iliyogonga ubao kwa nguvu zote na kubaki imekunjwa palepale bila mwenyewe kukunja hata uso. Mtu mwenye mfupa uliokatika chini ya kidole kidogo hafanyi hivyo. Akijisahau akafanya, basi hakai kimya.

"Rudi ukapumzike, mzee," alisema.

"Nimeachiwa?"

"Bado. Kuna saini ya mkubwa."

"Basi usiniite mzee," alisema Popo, akainuka kurudi mahabusu.

Inspekta alifuta chai kwenye jalada kwa mkono wa shati lake, akatoka koridoni, akampigia simu daktari wa mionzi. Alimwuliza jambo moja tu: zile tarakimu za pembeni, ni za nani ambazo kila siku huwa juu?

Kisha daktari akasema hayo ni mambo ya ndani ya idara. Inspekta alimwambia mambo ya ndani ya idara yatasomwa hadharani mahakamani, na yeye ndiye atakayesimamishwa kizimbani kuyasoma. Kwa hiyo achague kuyasema leo kwa simu au siku ile kwa kiapo.

"Mpwa wake," alisema daktari.

Hadi Jumapili, idara ilikuwa na watu watatu tu waliowahi kupiga picha: marehemu, Popo, na kijana wa dada yake marehemu; anayepiga tangu Jumatatu ni fundi aliyeazimwa hospitali nyingine. Kijana huyo aliletwa kazini na mjomba wake mwaka mashine zilipofungwa, na maishani mwake hakuwahi kushika jani la filamu. Aligundua mapema kwamba akiongeza mionzi picha hutakata zaidi na madaktari humsifu, basi akawa anaongeza. Daktari alimkanya mara kadhaa. Mjomba akawa anamkingia kifua. Na watoto wakaendelea kupita chini ya mkono wake.

"Ulilijua hili tangu asubuhi nilipokuwa mbele yako," Inspekta alisema. "Ukaniambia mtu wa filamu."

"Ningekwambia, ungeniuliza nimelijua kwa muda gani."

"Uliogopa kumwaga unga."

"Na wewe ungeogopa," daktari alisema, akakata simu.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Mpwa alikuwa ameshatoa maelezo: Jumapili hakutoka nyumbani. Mama yake, dada wa marehemu, alisimama mbele ya polisi akathibitisha. Na ni vigumu kumwambia mtu aliyefiwa na kaka yake kwamba anasema uongo.

Marehemu alizikwa Jumanne. Jumatano alasiri, Inspekta na askari mmoja walipofika, waombolezaji bado walikuwa wamejaa nyumbani kwa dada mtu: wanaume kwenye viti vya kukodi uani, wanawake ndani kwenye mikeka, mjane kati yao amejiinamia. Minong'ono ilikatika. Mtu mmoja alisema, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, kwamba hawa wangefika mapema hivi siku ya tukio, tusingekuwa hapa.

Inspekta alisimama karibu na lango kwa muda, akatazama. Mpwa alikuwa amekaa safu ya mbele, mahali pa wenye msiba, amevaa koti lenye mikono mirefu iliyomfunika hadi kwenye vidole. Watu waliingia, wakamwendea, wakanyoosha mkono wa pole. Kila aliyenyoosha mkono, kijana alijiinamia, akaweka mkono wa kushoto kifuani, na yule mtu akapita akitikisa kichwa kwa huruma. Walidhani uchungu umemzidi hata kushikana mikono kumemshinda.

Dada wa marehemu alimfuata Inspekta pale langoni. Alikuwa mwanamke mnene, mtandio mweusi umefungwa kwa nguvu kichwani.

"Mmeshindwa kumfunga muuaji, sasa mmekuja kututazama tunavyolia?"

Inspekta alisema ana shida ndogo na kijana wake, ingekuwa vizuri wakaongea ndani. Mama yule alimkata jicho, lakini hakutaka maneno mbele ya watu. Waliingia chumba cha uani, yeye, mwanawe, Inspekta na askari, mlango ukafungwa. Inspekta aliomba kuona mkono wa kulia wa kijana.

"Wa nini?" mama akauliza.

Alielezwa. Inspekta hakumpunguzia kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kifua kikipanda na kushuka.

"Aliyekufa ni mjomba wake," alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto mjinga. "Baba yake alipotukimbia, kaka yangu ndiye aliyemlea. Alimpa shule, alimpa kazi. Wewe unajua mjomba ni nani? Au kwenu mnazaliana tu?"

Inspekta alimwacha amalize, kisha akamgeukia kijana. "Mkono umeumia, au haukuumia?"

Mpwa alilamba midomo. Alisema uliteguka kidogo jana, wakati wa kubeba jeneza.

Mama aligeuka polepole. Inspekta aliona wazo likimpita usoni, kwa kuwa jana yule kijana hakubeba jeneza. Alisema ana kizunguzungu, na wenzake walimkalisha kivulini mpaka kaburi likafukiwa. Mtu aliyepaswa kushika mbele kabisa alikuwa yeye, na nafasi yake ilishikwa na jirani.

Hata hivyo mama ni mama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa bado hajakubali kuuona.

"Mwoneshe mkono wako," alimwambia mwanawe. "Mwoneshe, wamalize, waende zao."

Kijana hakusogea.

"Nimesema mwoneshe."

Aliposita tena, mama alimwendea mwenyewe. Alivuta mkono wa koti juu, akauchukua mkono wa mwanawe kwa viganja vyake viwili, kwa ghadhabu, kama mtu anayetaka kumthibitishia mnunuzi mkorofi kwamba mali yake haina kasoro. Akaubana.

Kijana alilia kama mtoto. Akachuchumaa, mkono wake ukiwa bado umo mikononi mwa mama yake. Ulikuwa umevimba na kuwa wa zambarau kutoka kwenye kidole cha mwisho hadi kifundoni, na fundo la kidole hicho lilikuwa limezama, halionekani.

Mama hakuuachia. Aliulegeza tu.

Aliyoyasema kijana baada ya hapo yalitoka kwa vipande, na Inspekta aliyapanga kichwani alivyozoea. Kulikuwa na wagonjwa wawili waliopigwa picha za kifua siku moja, naye akaweka picha ya huyu chini ya jina la yule. Mmoja alitobolewa ubavu bila sababu, kutolewa maji asiyokuwa nayo. Wa pili, ambaye ndiye aliyehitaji kutobolewa, alirudishwa wodini akafa. Mjomba wake aliligundua kosa hilo peke yake. Jumapili mchana, mama yake akiwa amelala, alimwita hospitali, wakaenda kuzungumza chumba cha giza ambako hakuna wa kuwasikia. Safari zote zilizopita mjomba alimkingia kifua. Safari hii alisema kesho yake ataripoti.

"Nilimwambia mimi ni damu yake," alisema kijana, macho sakafuni. "Akasema na yule aliyekufa alikuwa damu ya mtu."

Ndipo alipompiga. Mara moja. Mjomba alianguka nyuma, na karo lilikuwa nyuma.

"Ukafanya nini?" mama aliuliza. Lilikuwa swali la kipelelezi, na Inspekta alimwachia.

"Niliondoka."

"Ukaenda wapi?"

Kijana alitazama mlango, akamtazama askari, akarudisha macho chini. "Chumba cha eksirei."

"Ndugu yangu yuko sakafuni anatoka damu," alisema mama, "wewe ukaenda kujipiga picha."

"Mkono ulikuwa unauma, mama."

Mama alimwachia mkono. Alijifuta viganja kwenye gauni lake, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Inspekta alimwambia askari ampigie simu mkuu wa kituo kwamba yule mzee aachiwe. Kisha akatoa pingu, na kwa kuwa mkono mmoja haukufaa kufungwa, alimfunga kijana kwa wa kushoto na kuunganisha upande wa pili na mkono wa askari. Alieleza, kwa sauti ya chini kuliko zote alizotumia siku hiyo, kwamba gari linaweza kuzungushwa uchochoroni, watoke kwa mlango wa nyuma. Hapakuwa na haja ya kuwaonyesha watu, na mjane yuko mbele.

"Nyuma?" alisema mama.

Alikaza mtandio wake kichwani. Alimpita Inspekta, akampita askari, akaufungua mlango wa mbele ukagonga ukuta, na watu wote uani wakageuka.

"Alikaa pale mbele siku tatu akipewa pole," alisema. "Atoke kwa mlango huohuo."

Akatangulia yeye, akiwaomba watu wapishe.